Iacheni chumvi, haijawakosea kitu

Jumamosi iliyopita nilikuwa msibani, upande wa jikoni kama kawaida, maana mimi nikienda kwenye shughuli yoyote naishia kwenye mafiga. Miaka kumi na nne napikia watu kwa sufuria kubwa, kwanza shule ya bweni, sa hivi chakula cha mchana cha maofisini hapa Dar, na maharage yamepita mikononi mwangu magunia kwa magunia. Basi kilo ishirini ziko motoni, zinachemka vizuri, nanyoosha mkono kwenye pakti ya chumvi, shangazi mmoja akanidaka kiganja. "Mwanangu! Unataka watu watafune kokoto? Chumvi mpaka yaive!"

Nikasema sawa shangazi. Ungefanyaje, msibani, mtu mzima, mbele ya wenzake? Nikarudisha chumvi. Ambacho hakujua ni kwamba yale maharage yalilala usiku kucha kwenye maji niliyotia chumvi mwenyewe kwa mkono wangu. Saa moja na kitu baadaye akachota moja, akalibonyeza kwa vidole, likapondeka kama siagi, akawageukia wenzake: "Si mnaona? Kumbe chumvi ikichelewa!"

Nimenyamaza siku nne. Leo naandika.

Chumvi ya mezani haifanyi maharage kuwa magumu, inayalainisha. Ganda la maharage linashikiliwa na pektini, ile ile inayogandisha jemu, na hiyo pektini imefungwa na kalsiamu na magnesiamu, we chukulia ni vifungo vya shati. Ukiloweka kwenye maji ya chumvi, sodiamu inaingia inang'oa baadhi ya vifungo na kukaa mahali pake, ila yenyewe haijui kufunga, kwa hiyo ganda linalegea, maji yanapenya, punje inavimba yote kwa pamoja badala ya ndani kuvimba na nje kupasuka. Mimi natia kijiko kimoja cha chakula, cha kupangusa sio cha mlima, kwa lita moja ya maji, usiku mzima, asubuhi namwaga, nasuuza, natia maji mapya. Utaona yameiva na bado ni mazima, hayajageuka uji wenye maganda yanayoelea.

Sasa huu uvumi umetoka wapi? Nimeuwaza miaka mingi, na nadhani kosa ni la neno lenyewe. Sisi neno chumvi tunalitumia kwa vitu viwili. Kuna chumvi ya kwenye pakti, alafu kuna "maji ya chumvi", yale ya kisima, ambayo ukifulia sabuni haitoi povu, ukichemshia chai birika linaota ukoko mweupe ndani. Ule ukoko sio chumvi ya mezani jamani! Ni kalsiamu na magnesiamu, yaani vile vile vifungo vya shati, ila sasa unaviongeza badala ya kuvitoa. Maharage ya maji ya kisima yanakataa kuiva kweli, bibi zetu walikuwa sahihi kabisa, waliona kwa macho yao, wakasema "chumvi inayakaza", na sisi tukabeba ule ukweli wa kisimani tukaubandika kwenye pakti ya dukani isiyo na hatia. Ukiwa na maji ya aina hiyo, na ndoo moja tu ya maji baridi (naomba msinielewe vibaya, baridi kwa maana ya yasiyo ya kisima), itunze kwa kuloweka na kuchemshia, hayo mengine oshea vyombo.

Na mshukiwa wa pili ni nyanya. Asidi kweli inayachelewesha, nyanya, ndimu, ukwaju, vyote. Angalia sasa mpishi anavyofanya: maharage bado yana kiini kigumu, yeye ana haraka, anaunga, kitunguu, nyanya nne, chumvi juu. Maharage yanagoma pale pale. Nani analaumiwa? Chumvi! Nyanya zimekaa pembeni zinacheka. Yaive kwanza ndo uunge, hilo tu.

Magadi nayo. Najua yanafanya kazi, sibishi, yanalainisha haraka na mkaa unabaki. Lakini yanaua vitamini B1, na ukizidisha kidogo tu unakula sabuni yenye tui la nazi. Nikikwama na maharage ya ovyo natia ncha ya kijiko cha chai kwenye sufuria zima, sitaki kujifanya mtakatifu, ila mtu anayetia magadi kila siku kwenye maharage mapya mimi simwelewi.

Maana ukweli ambao haupendwi ni kwamba mara nyingi tatizo sio wewe wala chumvi wala moto, ni gunia. Maharage yaliyokaa miezi mingi stoo yenye joto na unyevu yanabadilika ndani, na yakishafika hapo unaweza kuchemsha mpaka jirani aje kuuliza kuna sherehe gani. Wakati niko bwenini niliuziwa gunia moja la njano, linang'aa, limepembuliwa vizuri, muuzaji anaapa ni la msimu huu. Nikaloweka, nikatia chumvi, maji masafi, moto wa kuni tangu saa kumi na moja alfajiri. Saa saba mchana watoto wako kwenye foleni na mabakuli na maharage yanalia kwenye meno. Nilifanya kila kitu ninachowaambia hapa na bado yalinishinda, na mpaka leo siwezi kukuhakikishia gunia kwa kulitazama. Ninachofanya, nanunua kilo moja kwanza, naipika nyumbani, ndo narudi kununua gunia. Muuzaji akinuna, anune. Nyumbani angalia rangi iliyofifia kuliko kawaida na mikunjo, lakini yale ya bwenini hayakuwa na dalili hata moja, kwa hiyo chukua hili kwa tahadhari.

Kitu kimoja nitakisema kwa ukali. Maharage mekundu makubwa usiyaweke kwenye moto wa kichovu ukaondoka. Yana sumu ya asili, lektini, inayovunjwa na kuchemka hasa, mapovu yanaruka, dakika kumi kwa uchache, mimi naacha nusu saa. Wanaopikia kwenye kapu la kuhifadhi joto kubana matumizi, vizuri sana, ila chemsha kwanza ndo ufunike. Maharage yaliyopashwa joto bila kuchemka ni mabaya kuliko unavyodhani, utatapika mpaka uone aibu.

Gesi tumboni: kuloweka na kumwaga maji kunapunguza zile sukari ambazo tumbo haliwezi kuzisaga. Kunapunguza, haimalizi. Wanaoniambia tangawizi imewaponya kabisa nawasikiliza tu. Kilichosaidia wateja wangu zaidi ni kuzoea, mtu aliyeanza na kikombe kidogo kila siku baada ya wiki mbili tatu halalamiki tena.

Na kama huna muda wa mambo yote haya, nani kakulazimisha maharage? Choroko hazihitaji kulowekwa, zinaiva chini ya saa moja, kunde zinafuata, dengu ndogo nyekundu za kukoboa ndo kabisa, unakata kitunguu tayari zinapondeka. (Mkenya akisikia ndengu anafikiria choroko, kwa hiyo kabla ya kubishana na mtu mtandaoni muulize anatoka wapi.) Kunde ni zetu za Afrika tangu zamani, maharage yalikuja na meli kutoka Amerika, na sisi tunamwona mla kunde kama mtu aliyeishiwa. Kilo moja kavu ya chochote kati ya hivi inatoka kilo mbili na zaidi ikiiva, hesabu mwenyewe dhidi ya nyama. Pembeni weka mchicha na kachumbari ya ndimu, ile ndimu inausaidia mwili kunyonya chuma cha kwenye maharage, na chai ya rangi iache mpaka saa moja ipite kwa sababu inafanya kinyume.

Arobaini ya ule msiba inakuja na shangazi ameshaniwahi, eti mimi ndo nipike, nina mkono mzuri. Nimeanza kupima mawili. Ama niloweke mafungu mawili mbele yake, moja na chumvi moja bila, nimpe mwiko aonje mwenyewe. Ama niloweke usiku kimya kimya kama mara ile. Mume wangu anasema la pili.