Mahekalu ya Miungu Ndugu nchini India: Dhana Potofu na Ukweli

Mapokeo ya Kihindu yameupa udugu uzito wa kujengewa mahekalu. Katika jimbo la Kerala, kusini-magharibi mwa India, wana wanne wa Mfalme Dasharatha, yaani Rama, Bharata, Lakshmana na Shatrughna, wana mahekalu manne, kila mmoja na lake. Mjini Puri, katika jimbo la Odisha, ndugu watatu, wawili wa kiume na mmoja wa kike, wameketishwa juu ya jukwaa moja. Huko Palani, katika jimbo la Tamil Nadu, anaabudiwa ndugu aliyesusa nyumbani kwa wazazi wake, na hekalu lake liko juu ya kilima kile kile alichokimbilia. Habari za mahali hapo zikisimuliwa mbali na kwao hupotoka kwa namna inayofanana: msimulizi hutafuta mungu mmoja wa kumtukuza, kisha huwafanya ndugu waliobaki kuwa wapambe wake au mahasimu wake. Naona upotofu huo unastahili kusahihishwa kwa uangalifu, kwa sababu kinachoheshimiwa katika mahekalu haya ni uhusiano wenyewe wa ndugu, pamoja na ukubwa, udogo, wajibu na hata ugomvi uliomo ndani yake. Kila kichwa kinachofuata ni dhana inayosikika mara kwa mara.

"Rama peke yake ndiye anayeabudiwa"

Katika mahekalu mengi ya Wahindu, yakiwemo ya Afrika Mashariki, mtu huona sanamu ya Rama pamoja na mkewe Sita na mdogo wake Lakshmana, huku Hanuman, mungu mwenye umbo la nyani, akiwa amepiga goti mbele yao. Kwa mpangilio huo ni rahisi kudhani kwamba Lakshmana yupo kama mfuasi tu, na kwamba Bharata na Shatrughna hawana mahali pao. Kerala inaonyesha vingine. Rama anaabudiwa Thriprayar, Bharata anaabudiwa katika hekalu la Koodalmanikyam mjini Irinjalakuda, Lakshmana yuko Thirumoozhikkulam kando ya mto Chalakudy, na Shatrughna yuko Payammal. Matatu kati ya hayo yamo katika wilaya ya Thrissur, na lile la Lakshmana limo katika wilaya jirani ya Ernakulam. Kwa pamoja huitwa Nalambalam, yaani mahekalu manne. Katika Karkidakam, mwezi wa mvua unaoanza katikati ya Julai na kwisha katikati ya Agosti, mahujaji hujitahidi kuyazuru yote kwa siku moja, wakifuata mpangilio wa kuzaliwa: kwanza Rama, kisha Bharata, kisha Lakshmana, na mwisho Shatrughna aliye kitinda mimba.

Kundi hilo, ijapokuwa ndilo mashuhuri zaidi, si la pekee. Katika wilaya ya Kottayam, Ramapuram na vijiji vya jirani vina mahekalu mengine manne ya ndugu hao hao, nayo yako karibu karibu kiasi kwamba mtu anaweza kuyamaliza kabla ya ibada ya adhuhuri.

"Ndugu wanne ni miungu minne inayojitegemea"

Jibu la dhana hii limo katika kisa cha kuzaliwa kwao, kama kinavyosimuliwa katika Ramayana, utenzi wa kale wa mshairi Valmiki. Dasharatha, mfalme wa Ayodhya, alikosa mrithi kwa miaka mingi, akaamuru ifanywe ibada kubwa ya kuomba watoto. Ndani ya moto wa ibada alitokea kiumbe wa mbinguni akiwa na chombo cha mchele uliopikwa kwa maziwa, akamwambia mfalme awagawie wake zake. Kausalya alikula fungu lake akamzaa Rama. Kaikeyi alikula lake akamzaa Bharata. Sumitra, aliyepewa mafungu mawili, alizaa mapacha, Lakshmana na Shatrughna. Chakula hicho kilibeba nguvu ya Vishnu, mmoja wa miungu wakuu wa Wahindu, kwa hiyo kila mtoto alizaliwa akiwa sehemu ya mungu yule yule mmoja.

Ndiyo maana anayetazamia kumwona Rama wa Thriprayar katika umbo la mwanamfalme mwenye mikono miwili hukuta sanamu ya Vishnu yenye mikono minne, iliyoshika kombe la kupuliza, kisahani cha vita, upinde na shada la maua. Upinde ndio unaomtambulisha kama Rama. Mapokeo ya Wavaishnava, yaani waabudu wa Vishnu, yanaendelea mbele zaidi na kusema kwamba Lakshmana ni Shesha, nyoka anayelaliwa na Vishnu, Bharata ni lile kombe, na Shatrughna ni kile kisahani kiitwacho Sudarshana. Wanaofika Payammal hutoa sadaka ya maua kwa jina la Sudarshana, jambo lisiloeleweka kwa mtu anayewachukulia ndugu hawa kuwa miungu minne iliyotengana.

"Bharata alimpora kaka yake kiti cha enzi"

Hii ndiyo dhana inayonisikitisha zaidi, kwa sababu inamgeuza mtu mwadilifu kuwa mwizi. Aliyetaka ufalme ni mama yake, Kaikeyi, ambaye alimkumbusha Dasharatha ahadi mbili alizowahi kumpa, akadai Bharata atawazwe na Rama apelekwe msituni kwa miaka 14. Wakati huo Bharata alikuwa safarini kwa wajomba zake, hana habari. Aliporudi na kukuta baba amekufa kwa majonzi na kaka yake amekwisha kuondoka, alimkemea mama yake mbele ya watu, akamfuata Rama msituni na kumsihi arejee. Rama alikataa kuivunja ahadi ya baba yao. Bharata akaomba makubadhi yake, akayaweka juu ya kiti cha enzi, naye akaishi Nandigrama nje ya mji mkuu, amevaa kama mtawa, akiendesha nchi kwa niaba ya mwenye makubadhi mpaka siku ya kurudi kwake.

Hekalu la Koodalmanikyam limejengwa juu ya kipindi hicho cha kungoja. Mungu anayeabudiwa pale ni Bharata akiwa katika toba na ibada, na kwa kuwa mtu aliyezama katika ibada hasumbuliwi na wageni, hekalu halina miungu mingine midogo ndani yake, hata Ganesha, mungu mwenye kichwa cha tembo, ambaye katika mahekalu ya Kusini mwa India hukosekana kwa nadra sana. Sadaka inayopendwa ni shada la maua ya yungiyungi. Jina la hekalu lina hekaya yake: inasemekana nuru iling'aa kwenye paji la uso wa sanamu, watu wakataka kuilinganisha na kito mashuhuri cha mfalme wa Kayamkulam, kito kilipoletwa karibu, kiliruka kutoka mkononi na kuungana na sanamu, kisionekane tena.

Wapo wanahistoria wanaotoa hoja kwamba mahali hapo palikuwa pa Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya kale ya India, kabla ya kuwa pa Wahindu, na mjadala huo haujafungwa. Kwa maoni yangu uwezekano huo haumpunguzii Bharata heshima yoyote.

"Hekaya ya Dwarka ndiyo historia ya mahekalu haya"

Hekaya inasema hivi. Sanamu nne zilikuwa katika mji wa Dwarka, na mungu Krishna mwenyewe alikuwa akiziabudu. Dwarka ilipomezwa na bahari, sanamu zilizama, zikachukuliwa na maji hadi pwani ya Kerala, na wavuvi wakazinasa karibu na Chettuva. Wakazipeleka kwa mkuu wa eneo aliyeitwa Vakkayil Kaimal, ambaye naye aliota ndoto iliyomwelekeza mahali pa kumsimika kila ndugu. Kuhusu Thriprayar inasimuliwa kwamba tausi angetokea angani juu ya mahali panapofaa. Watu walingoja, tausi asitokee. Akaja muumini amebeba fungu la manyoya ya tausi, wakaona hiyo ndiyo ishara, wakasimika sanamu pale. Baadaye tausi halisi akaonekana mahali pengine, na hapo pakawekwa jiwe kubwa la sadaka.

Anayelichukua simulizi hili kama kumbukumbu za matukio anakosea, na anayelitupa kama upuuzi anakosea pia. Dwarka iko Gujarat, jimbo ambalo mababu wa Wahindu wengi wa Kenya, Uganda na Tanzania walitoka, umbali mkubwa kutoka Kerala. Hekaya inaufunga upwani mzima wa magharibi wa India kwa njia ya bahari, na kuwapa wavuvi nafasi ya kwanza katika kuzipokea sanamu. Historia iliyoandikwa inatoa picha nyingine. Irinjalakuda pana mwandiko wa mawe wa karne ya 9, wa enzi ya mfalme Sthanu Ravi wa nasaba ya Chera. Hekalu la Lakshmana nalo, ambalo wengi hulidhania kuwa dogo kwa umuhimu, ndilo liliipa Kerala ya kale kanuni ya usimamizi wa mali za mahekalu iitwayo Muzhikkulam Kachcham, iliyotajwa katika miandiko ya mahekalu mengine mengi kuwa ndiyo sheria ya kufuatwa.

"Jagannath wa Puri ameketi na mkewe, na mahujaji hujitupa chini ya magurudumu yake"

Mwanamke aliye kati ya sanamu mbili za kiume huko Puri ni Subhadra, dada yao. Upande mmoja yuko Jagannath mweusi, ambaye ni Krishna. Upande wa pili yuko Balabhadra mweupe, kaka yake mkubwa. Mke wa Jagannath, Lakshmi, yupo pia, na sikukuu ya magari inamhusu kwa namna ya kuvutia: ndugu watatu wanapoondoka kwenda hekalu la Gundicha, umbali wa kilomita 3 hivi, yeye huachwa nyumbani. Siku chache baadaye hupelekwa huko kwa maandamano akiwa na hasira, kipande cha gari la mumewe huvunjwa, na Jagannath anaporudi hulazimika kumbembeleza kwa tamutamu za maziwa kabla ya kufunguliwa mlango.

Magari ya sikukuu hujengwa upya kila mwaka. Gari la Jagannath lina magurudumu 16, la Balabhadra 14, la Subhadra 12. Anayetazama ukubwa pekee atadhani la Jagannath ndilo linalotangulia, kumbe la kwanza kuvutwa ni la kaka mkubwa, linafuata la dada, na Jagannath huja mwisho, ingawa hekalu ni lake na mji mzima unajulikana kwa jina lake.

Habari ya watu kujitupa chini ya magurudumu ilienea sana Ulaya kupitia maandishi ya wageni, hasa mchungaji Mskoti Claudius Buchanan, aliyefika Puri mwaka 1806. Vifo vilikuwepo, kwa kuwa umati ni mkubwa na magari ni mazito, lakini William Wilson Hunter, ofisa wa serikali ya Waingereza aliyezichunguza kumbukumbu katika karne hiyo hiyo, alieleza kwamba vingi vilikuwa ajali, na kwamba kujiua hakuendani na ibada ya mungu ambaye tone moja la damu hekaluni mwake hulazimisha kufanyike utakaso.

Sanamu zenyewe hudhaniwa na wageni kuwa kazi ya fundi asiyejua, kwa kuwa macho ni makubwa ya mviringo na mikono haina viganja. Mapokeo yanaeleza kwamba fundi wa mbinguni Vishvakarma alijifungia kuchonga kwa sharti asifunguliwe. Mfalme Indradyumna akakosa subira, akafungua mlango, na kazi ikabaki ilipofikia. Tena si sanamu za kale zisizobadilishwa. Zimetengenezwa kwa mbao za mwarobaini, na hubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa, kama ilivyofanyika 1977, 1996 na 2015. Wanaosimamia mabadiliko hayo ni ukoo wa Daitapati, wanaohesabiwa kuwa wa uzao wa Vishvavasu, kiongozi wa kabila la Wasavara ambaye kwa mujibu wa hekaya alimwabudu mungu huyu msituni kwa siri kabla wafalme hawajamjua. Sanamu za zamani zinapozikwa, Daitapati hukaa matanga kama waliofiwa na ndugu wa damu.

"Ganesha na Murugan ni maadui"

Ndugu hawa wawili walishindania tunda. Murugan alipanda tausi wake kuizunguka dunia, Ganesha akawazunguka wazazi wao, Shiva na Parvati, akisema hao ndio dunia yake, akapewa tunda. Murugan alikasirika, akaenda Palani. Lakini mahujaji wanaopanda ngazi za kilima hicho huanza kwa kumwabudu Ganesha chini kabisa, na hapo uadui hauonekani. Jambo linalochanganya wengi ni umri: Watamil humhesabu Ganesha kuwa mkubwa, ilhali sehemu nyingi za Kaskazini humwona Murugan, wanayemwita Kartikeya, ndiye kaka. Kusini Murugan ana wake wawili na Ganesha ni kapera. Kaskazini mara nyingi ni kinyume chake.

"Milango imekuwa wazi kwa wote siku zote"

Haikuwa hivyo. Mwaka 1946 watu wa matabaka yaliyodharauliwa waliandamana Irinjalakuda kudai haki ya kupita tu katika barabara ya kando ya Kuttamkulam, bwawa la hekalu la Bharata, na ruhusa ya kuingia katika mahekalu ya utawala wa Cochin ilipatikana mwaka 1947. Leo mahekalu ya Nalambalam na lile la Puri bado hupokea Wahindu peke yao ndani, na Kerala wanaume huvua mashati kabla ya kuingia. Msafiri wa dini nyingine anayetaka kuwaona ndugu wa Puri na apange kufika wakati wa sikukuu ya magari, Juni au Julai, kwa kuwa hapo hutolewa barabarani na hakuna anayezuiwa kuwatazama.