Gavana wa Georgia sio bosi wa vyuo vikuu

Watu wengi bado wanaamini kwamba kule jimbo la Georgia, Marekani, gavana ndo anaajiri na kufukuza wakuu wa vyuo vya umma, na kweli gavana anateua wajumbe wa Bodi ya Regents, yani bodi inayosimamia vyuo vya umma vya jimbo, ila akishawateua wanakaa miaka 7, na bodi yenyewe ndo inachagua chansela (mkuu wa mfumo mzima wa vyuo hivyo) na kugawa hela, maana bunge linatoa fungu moja tu kwa mfumo mzima.

Hii haikuja hivihivi. Mwaka 1941 gavana Eugene Talmadge alitaka Walter Cocking, mkuu wa kitivo cha elimu cha Chuo Kikuu cha Georgia, afukuzwe kwa madai anataka weupe na weusi wasome pamoja, bodi ikagoma, basi akabadilisha wajumbe mpaka akapata kura, yani inauma ukifikiria. Kwa sababu ya gavana kuingilia hivyo, vyuo 10 vya umma vya weupe vikanyang'anywa ithibati, wanafunzi wakachachamaa, na uchaguzi wa 1942 Talmadge akapigwa chini na Ellis Arnall. Mwaka 1943 bodi ikaingizwa kwenye katiba ya jimbo ili gavana asiichezee tena, na mpaka leo iko humo.