Raloksifeni na upasuaji: hesabu saa, si siku
Mama mtu mzima akipangiwa kubadilishiwa nyonga au goti, haitoshi kuandika kwenye faili kwamba "anatumia dawa ya mifupa". Andika jina la dawa. Zote zinatibu mifupa iliyodhoofika, lakini kwa upande wa damu kuganda kila moja ina yake.

Ya kusimamishwa ni raloksifeni, kidonge cha miligramu 60 kwa siku. Huongeza uwezekano wa damu kuganda kwenye vena za miguu, hasa miezi 4 ya kwanza, na donge likichomoka huenda kuziba mishipa ya mapafu. Upasuaji na kulala kitandani huzidisha hatari hiyo hiyo. Aliyewahi kupata donge la damu hapaswi kupewa kabisa.

Isimame angalau saa 72 kabla ya upasuaji. Wengi hukosea hapa kwa kuhesabu siku. Upasuaji ukiwa Alhamisi saa 2 asubuhi, anayemeza alfajiri atameza cha mwisho Jumatatu, ila anayemeza usiku aishie Jumapili. Kuikosa wiki chache hakuidhuru mifupa.

Akianguka akavunjika nyonga, upasuaji hausubiri saa 72. Raloksifeni inakatwa siku ile ile, daktari wa usingizi anaambiwa, na kinga ya damu kuganda inapangwa mapema, mara nyingi sindano ya enoksaparini miligramu 40 kwa siku, pungufu kama figo ni dhaifu. Kwa maoni yangu mgonjwa huyu abadilishiwe dawa: raloksifeni hukinga pingili za mgongo, haijaonyesha kukinga nyonga.

Alendroneti ya miligramu 70 kwa wiki haina shida hiyo ya kugandisha damu. Shida yake ni umio: humezwa na glasi nzima ya maji, kisha mtu akae wima dakika 30. Asiyeweza kuketi asipewe. Denosumabu, sindano ya kila miezi 6, isicheleweshwe kwa sababu ya upasuaji. Ikipitiliza, pingili zinaweza kuvunjika.

Kuruhusiwa kwenda nyumbani si ruhusa ya kurudia raloksifeni. Inarudi mgonjwa akishatembea kama kawaida yake, si anapojikongoja hadi chooni. Kigimbi kimoja kikivimba na kuuma, au pumzi ikibana ghafla, awahishwe hospitali saa ile ile, hata kama dawa ilisimamishwa kwa wakati na sindano zote alichomwa.