Shokapu ngumu ndiyo inanata barabarani?
Ukienda mtaa wa Gerezani, Kariakoo, Dar es Salaam, kutafuta shokapu za gari la Subaru WRX, hukosi wa kukuambia: "Chukua ngumu kabisa, gari litanata." Siyo kweli. Uzito wa gari hubebwa na springi. Shokapu kazi yake ni kuzituliza zisirukeruke. Ndani, pistoni hulazimisha oili ipenye vitundu vidogo, na ule mtikisiko hugeuka joto. Iguse ukitoka barabara ya vumbi, utaikuta ya moto. Ikizidi ugumu, tairi linashindwa kufuata mashimo na viraka vya lami (tunavijua!), linadunda. Tairi likiwa hewani halifungi breki wala halikati kona. Nunua inayoendana na springi zako. Kama ina kirekebishio, anzia kwenye ulaini, kaza kidogo kidogo, ukijaribu njia ileile.