Ute wa goti hauishi kama oili ya bodaboda

Wiki iliyopita tena. Mama wa miaka 60 na kitu kaingia na eksirei yake kwenye bahasha ya kaki, hata hajakaa vizuri kashaanza: "Mwanangu, nimeambiwa ute umekauka, mifupa inasagana, nisitembee sana, nile bamia." Nikamwambia shikamoo mama, ngoja kwanza nilione hilo goti. Nikalikamua kwa juu na kiganja kimoja, kidole cha mkono wa pili nikabonyeza kile kifuniko cha goti, kikazama, kikagonga chini, kikaibuka tena kama kata kwenye ndoo ya maji. Yaani mtu kaambiwa goti limekauka na goti lenyewe lina maji ya kujaza kikombe cha kahawa!

Nimeamua niandike maana nimechoka kulirudia hili kwa mgonjwa mmoja mmoja, halafu akifika nyumbani anakuta klipu ya WhatsApp inamwambia kinyume.

Ute hauishi. Unatengenezwa na utando wa ndani ya jointi, kila siku, mpaka unaingia kaburini. Kwenye goti lenye osteoathraitisi, ndo huo ugonjwa wa jointi watu wanaouita kusagika, mara nyingi huo utando umechokozeka, unatoa maji mengi kuliko kawaida tena mepesi, ndo ule uvimbe unaouona jioni. Na bamia, samahani wapenzi wa bamia, utelezi wake unaishia tumboni, hakuna bomba linalotoka utumbo kwenda goti. Kula, ni mboga nzuri, ila sio dozi.

Tena bamia yenyewe hainiudhi kihivyo maana haijamuumiza mtu. Kinachoniudhi ni "usitembee". Gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa kwenye jointi, halina mishipa ya damu hata mmoja, chakula chake linakipata kwenye huo huo ute, na linakipata kwa kubanwa na kuachiwa, kama sponji ya vyombo. Sasa unamwambia mtu akae kochini miezi mitatu, umempumzisha nini? Msuli wa paja unanywea, uzito unapanda, presha na sukari navyo vinaangalia saa yao, siku akisimama goti linabeba mzigo ule ule bila msaidizi, linauma zaidi, anasema si mnaona, limesagika kweli, anarudi kochini. Nimeona watu wameanza na maumivu ya kupanda ngazi tu wakaishia kushikwa mkono kwenda chooni, na ugonjwa wenyewe haukuwa umewafikisha huko, ni ushauri.

Na hilo neno kusagika, natamani lipigwe marufuku. Eksirei na maumivu haviendi sambamba. Kuna picha nikiziangalia nashtuka halafu mwenyewe ananiambia anatoka shambani, na kuna picha karibu safi mwenye goti analia. Uingereza, mwongozo wa 2022 wa NICE, taasisi yao inayotoa miongozo ya matibabu, unasema kabisa: mtu wa miaka 45 au zaidi, maumivu yanakuja akitumia jointi, ukakamavu wa asubuhi hauzidi nusu saa, hana dalili za ajabu, basi huyo huhitaji picha kumwambia ana nini. Sisi tunampiga picha, tunamsomea "imesagika", anatoka pale anatembea kama amebeba mayai. (Goti jekundu la moto na homa, au umeanguka huwezi kukanyaga, hiyo ni habari nyingine, nenda hospitali leo leo.)

Halafu nyonga. Mtu anakuja na goti, goti halina neno, unamuuliza kukata kucha za mguu anasema huwa anakatiwa na mjukuu, unauzungusha mguu kwa ndani anaruka. Hiyo ni nyonga inayoumia kwa jirani. Amepaka dawa gotini mwaka mzima!

Kwa hiyo tunafanya nini? Denmark walianzisha GLA:D mwaka 2013, ni darasa mara mbili na mazoezi mara 12 chini ya fizio, na nchi kadhaa zimeiga. Mimi mgonjwa wangu hana nauli ya kuja mara mbili kwa wiki, kwa hiyo nampa kiti. Kiti cha plastiki, mgongo wake ukutani kisiteleze, kaa, simama bila kushika, kushuka ndo taratibu kuliko kupanda, mara 10, pumzika, rudia mpaka awamu tatu. Akishindwa tunaweka mto juu ya kiti kiwe kirefu. Goti likiuma? Litauma. Hapa ndo ninapobishana na watu siku nzima: maumivu sio lazima yawe uharibifu. Kama kwenye kipimo cha 0 mpaka 10 maumivu hayajapita 5, na kesho yake yamerudi yalikokuwa, endelea. Kama kesho yake bado umevimba na unachechemea, tulizidisha, punguza, usiache.

Uzito nao, kila kilo ukipunguza goti linapumua kama kilo nne kwa kila hatua, ila kumwambia mtu "punguza mwili" halafu ukamfungulia mlango sio tiba, hilo hata jirani yake anamwambia bure. Dawa: jeli ya diklofenaki ya kupaka gotini kwanza, vidonge vyake kwa muda mfupi na sio kwa mwenye figo au vidonda vya tumbo, panado haifanyi makubwa. Sindano ya steroidi inatuliza wiki kadhaa. Sindano ya "kuongeza ute", NICE wanasema msitoe. Fimbo shika mkono wa upande usiouma, jamani, kila siku naona mnashika upande mbovu.

Upasuaji siupingi. Utafiti wa Denmark wa 2015, watu 100 wote wanastahili goti bandia, nusu wakawekewa, nusu wakapewa mazoezi, elimu, lishe na dawa tu. Waliowekewa walipata nafuu kubwa zaidi, ila na madhara makubwa yalikuwa mengi kwao, na wale wengine robo tu ndo waliofanyiwa upasuaji ndani ya mwaka.

Sasa niseme na linaloninyima usingizi. Watafiti wengine wa huko huko Denmark walilinganisha ile programu ya GLA:D na sindano ya maji ya chumvi gotini, na mgonjwa anajua kabisa ni maji ya chumvi, na nafuu ikatoka karibu sawa. Niliposoma nilikaa kimya muda mrefu. Bado natoa mazoezi, maana maji ya chumvi hayakupandishi daladala wala hayashushi sukari, lakini nikiulizwa maumivu yanapungua kwa njia gani hasa, jibu langu lina mashimo. Wengine wanapata nafuu kabla msuli haujaongezeka hata kidogo.

Yule mama nilimpigia juzi. Anafanya kiti chake asubuhi akisubiri maji ya chai yachemke, ngazi za kanisani anapanda bila kushikwa. Majirani kawaambia ni bamia.