Mtoto Hatulii: Tusimpige, Tusikimbilie Vidonge

Nikikaa na walimu wa shule za msingi hapa Mtwara, ADHD, yaani hali ya mtoto kushindwa kuzingatia, kutulia au kujizuia, huwagawa mara moja. Wapo wanaosema huo ni utundu tu, fimbo itautoa. Wengine, na hawa wanaongezeka kwa sababu ya video za mitandaoni, kila mtoto asiyetulia wameshampa ADHD, kilichobaki ni dawa. Mimi ni daktari wa afya ya akili ya watoto, na sera ninayoitaka itawaudhi wote.

ADHD ipo. Sehemu kubwa hutokana na urithi na jinsi ubongo unavyokua. Mama hakukosea malezi, wala hakuna jini. Vigezo vya Marekani vya mwaka 2013 vinataka mtoto awe na dalili 6 au zaidi za kutozingatia, au 6 za kuhangaika na kukurupuka, zidumu angalau miezi 6, ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, zimwathiri masomo au maisha, na zionekane mahali pawili au zaidi, kama nyumbani na shuleni. Hicho cha mwisho ndicho tunachokiruka. Mtoto anayehangaika darasani tu, huku nyumbani akichambua korosho na bibi yake bila kunyanyuka, tulichunguze kwanza hilo darasa. Kwenye chumba cha watoto themanini hata mimi nisingetulia.

Huku kusini kuna la ziada. Malaria bado inatusumbua, na ile inayopanda kichwani inaweza kumwachia mtoto shida ya kuzingatia hata akipona. Kuna kifafa cha kuduwaa, upungufu wa damu, usingizi haba. Na masikio! Mama mmoja alikuja na barua ya mwalimu: mtoto hasikilizi, hafuati maelekezo, anasumbua wenzake. Niliingiza pamba sikioni, ikatoka na usaha. Nikasimama nyuma yake, nikamwita jina kwa sauti ya kawaida. Hakugeuka. Yule alihitaji kliniki ya masikio, si mimi.

Kwa hiyo sera ianze na uchunguzi: taarifa ya mzazi, taarifa ya mwalimu, masikio, macho, wingi wa damu. Bila hayo, mtu asiandike ADHD kwenye faili la mtoto.

Dawa nazo zisitiwe chumvi wala zisisingiziwe. Methilifenideti, dawa ya ADHD, inatumika tangu miaka ya 1950 na watoto wengi huwasaidia kweli. Pia hupunguza hamu ya kula na kuvuruga usingizi, ndiyo maana uzito, urefu na presha lazima vipimwe kila mtoto anaporudi kliniki. Walio chini ya miaka 6 tuanze na mafunzo ya wazazi. Mkataba wa kimataifa wa 1971 unaidhibiti dawa hii, na sitaki kuiona duka la dawa la mtaani. Lakini ipatikane kwa uhakika hospitali za rufaa za mikoa yetu, Ligula ya Mtwara na Sokoine ya Lindi, iandikwe na aliyesomea, ili mzazi wa Liwale asilazimike kuifuata Dar es Salaam. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilishapita 2023. Dawa na mafunzo ya wazazi viingizwe kwenye kitita cha huduma zinazolipiwa na bima hiyo.

Ile fomu ya taarifa ya mwalimu, tafadhali, iwe ukurasa mmoja. Mwenye madaftari themanini ya kusahihisha ukimpa kurasa nne, atatia tiki zote safu moja na kuirudisha kabla ya kengele.