Tabu, nafasi na mshahara wa mwandishi wa programu

Vijana ninaowaelekeza kazi hii ya kuandika programu huniuliza swali lile lile: "Mwalimu, lugha ipi inalipa?" Wameshaona majedwali ya mishahara, kila lugha na kima chake, na wanataka niwachagulie. Badala ya jibu huwapa kisa cha vitufe viwili vya kibodi, tabu na nafasi.

Mwaka 2017, katika utafiti wake wa kila mwaka, Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandishi wa programu, iliwauliza waandishi wa programu kama mistari ya msimbo huisogeza ndani kwa kitufe cha tabu (jina limekifaa) au cha nafasi. David Robinson, aliyekuwa mchambuzi wa data pale, akalinganisha majibu na mishahara. Watu wa nafasi walikuwa wakilipwa zaidi. Akaondoa athari za nchi, miaka ya uzoefu, ukubwa wa kampuni na lugha wanazotumia. Pengo likabaki, kama 8.6%.

Sasa nani aliwahi kupandishiwa mshahara kwa kubonyeza kitufe? Tena uchaguzi wenyewe mara nyingi si wako. Mwongozo wa uandishi wa lugha ya Python, PEP 8, unataka nafasi 4. Anayeandika lugha ya Go hutumia tabu kwa sababu gofmt, programu inayompangia msimbo, imeshamwamulia. Ukiingia kwenye timu unakuta kanuni zake, unazifuata. Nionavyo mimi, kile kitufe kilikuwa alama tu ya mahali mtu anapofanyia kazi na watu anaofanya nao, na hayo ndiyo yanayovuta mshahara. Majedwali ya lugha nayo yasome kwa jicho hilo. Lugha iliyokaa juu kabisa huenda imebaki mikononi mwa wakongwe wachache. Wanalipwa ukongwe wao. Ukijifunza lugha yao leo, miaka yao 20 haiji nayo.

Kuhusu vyeti sina mengi. Utafiti wa Stack Overflow wa 2016 ulikuta 69% ya waliojibu wamejifundisha wenyewe, walau kwa sehemu. Hilo "kwa sehemu" lina uzito: wenye shahada nao wamo.

Mimi nilitoka kwenye uhasibu, na kwa muda mrefu niliona haya kulisema. Siku moja ripoti ya malipo ilikataa kulingana kwa senti moja. Wenzangu waliosomea sayansi ya kompyuta wakataka tuiache. Senti moja kitu gani? Lakini mhasibu halali na senti iliyopotea. Nikafuatilia mstari kwa mstari hadi nikafika palipojumlishwa fedha kwa namba za desimali. Jaribu mwenyewe: jumlisha 0.1 na 0.2 kwenye Python au JavaScript, utapewa 0.30000000000000004. Mashine huhifadhi namba hizo kwa msingi wa 2, na humo 0.1 haiandikiki ikaisha, kama vile theluthi isivyoisha ukiiandika kwa desimali. Vitone hivyo vilijikusanya hadi vikameza senti. Tukahamia kuhesabu senti kwa namba nzima. Sababu nilielezwa na wenzangu. Kung'ang'ania kulikuwa kwangu.

Ndiyo maana nikikaa na anayeanza simuulizi amemaliza kozi ngapi za video. Natazama mikono yake ujumbe wa kosa unapotokea. Wengi huunakili mzima na kuukimbiza kwa akili unde kabla macho hayajafika chini. Kwenye Python, mstari wa mwisho ndio unaotaja kosa lenyewe, na pahali lilipotokea pametajwa juu yake kidogo. Wiki iliyopita mmoja alikuwa ameshaanza kunakili, nikamwambia aache kwanza, asome kwa sauti.

"KeyError: 'jina '," akasoma. Maana yake Python imetafuta neno hilo kwenye data ikalikosa. Akarudia. "Mbona jina lipo?"

Nikamwambia atazame alama za nukuu. Akausogelea uso wa kioo, kimya, kisha akaanza kucheka: baada ya herufi a kulikuwa na nafasi moja iliyozidi.